Machozi ya Kazini

Kabla mkewe wa kweli hajaugua, bwana huyu alikuwa ameshafiwa na wake wengi. Wengine walifia kwenye meza ya upasuaji, wengine ajalini, mmoja alikufa akijifungua mapacha, na wote aliwalilia kwa machozi ya majimaji kabisa, asubuhi, kabla ya mapumziko ya chai. Kisha alikwenda kunywa chai. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake, na aliifanya vizuri hivi kwamba wanafunzi wa udaktari wakimwona anakatiza uwanja wa chuo na kifurushi chake cha mkate, walisita kumsalimia. Mtu uliyemliza jana utamwambia habari za asubuhi kwa uso gani?

Hakuanza na misiba. Alianza na benchi. Zamani alikuwa mtunza stoo katika kiwanda cha rangi, mtu wa funguo na makopo, na kiwanda kilipofungwa alikaa nyumbani mpaka mkewe, ambaye alikuwa mshona mapazia, akachoka kumruka kila alipotaka kupita na kitambaa. Ndiye mkewe aliyesikia kwa mteja mmoja kwamba chuo kikuu cha hapo karibu kinatafuta watu wa kukaa.

Akauliza, kukaa tu? Kukaa tu, akaambiwa. Mkewe akasema basi kazi imempata mwenyewe, na kesho yake akampigia shati pasi.

Na kweli walitaka mtu wa kukaa. Katika idara ya ubunifu kulikuwa na vijana wanaotengeneza benchi la hospitali, la watu wanaongoja majibu, nao walihitaji mzee mwenye mgongo uliochakaa alikalie tangu asubuhi mpaka adhuhuri kisha aseme panapouma. Akasema panapouma. Wakaranda huku, wakainua kule, wakamkalisha tena. Jioni alirudi nyumbani akilalamika kwamba kukaa kunachosha, na mkewe akamwambia asimwambie mtu mwingine maneno hayo, atapigwa.

Ukikitazama chuo kile kwa nje uliona majengo tu, na vitalu vya maua, na mlinzi anayesinzia getini. Ndani, kila mlango ulikuwa na mtu anayetafuta jambo lake usiku na mchana, na aliye mlango wa pili hajui mwenzake anatafuta nini. Wa benchi hawakuwajua wa mbu. Wa mbu hawakuwajua wanaochunguza namna mtu mzima anavyojifunza kusoma. Mtunza stoo wetu ndiye aliyewajua wote, kwa sababu wote walimhitaji. Mwenye mwili na muda wa kupoteza hatafuti kazi mahali kama pale. Kazi humfuata yenyewe.

Kitivo cha elimu kilimtaka ajifanye hajui kusoma. Aliwekwa kwenye dawati dogo, magoti yakigusa kidevu, na walimu wanafunzi wakapokezana kumfundisha herufi huku mhadhiri wao akiandika. Mmoja alimkaripia kwa sababu alichanganya be na de, akamkaripia vibaya, hata yeye aliyesoma magazeti maisha yake yote akajikuta ameinamisha kichwa na masikio yanamwaka. Jengo la sayansi nalo lilimtaka soksi. Mabinti wenye makoti meupe walimpa soksi za nailoni azivae mchana kutwa bila kuoga, azirudishe kwenye mfuko uliofungwa, nao wakazitundika ndani ya sanduku la mbu ili kuona mbu hufuata harufu ya nani. Mbu walizipenda soksi zake kuliko za mtu yeyote. Mkewe aliposikia alicheka mpaka akaketi chini. Alisema miaka yote amedhani yuko peke yake, kumbe ana wake wenza wenye mbawa.

Ndivyo alivyofika kitivo cha tiba, akiwa na sifa ya mtu asiyekataa. Huko alimkuta daktari mmoja mwanamke, mhadhiri, mfupi, miwani inaning'inia kifuani, ambaye uchunguzi wake ulikuwa juu ya jambo dogo kwa kulitazama: habari mbaya husemwaje. Alikuwa ameona madaktari wanaojua ugonjwa kama vidole vyao lakini wakifika kwa mwenye mgonjwa wanamtupia neno na kukimbia. Akawa anawarekodi kwa kamera wanafunzi wakijizoeza kutoa habari, anatazama, analinganisha. Kwa hiyo alihitaji watu wa kuambiwa. Wengi walijaribu. Mmoja alicheka, mwingine akawa anaitazama kamera.

Bwana wetu alipoambiwa kwamba mama yake amefariki, mama ambaye wakati huo alikuwa hai na ana nguvu za kugombana na majirani, aliketi kimya, midomo ikamcheza, machozi yakamtoka. Mwanafunzi aliyempa habari akalia naye. Mhadhiri akavaa miwani, akaivua, akaivaa tena. Tangu siku ile jina lake pale chuoni likawa Mgonjwa, ingawa kwa afya alikuwa mzima kama kigogo.

Watu walidhani anakumbuka mambo ya huzuni ili alie. Wapi. Alishajaribu hilo, na mambo ya huzuni yalimkausha. Kulikuwa na mahali fulani kooni, chini ya shina la ulimi, ambapo akipabana kidogo na asiwaze lolote, machozi huja yenyewe. Alimweleza mkewe, na mkewe akajaribu mbele ya kioo, akaambulia kukohoa.

Kazi ilikuwa na utaratibu. Mwanafunzi anaingia, anaketi kwanza. Anauliza mtu anajua nini mpaka sasa. Anamwonya kwamba habari si nzuri. Anaisema kwa maneno mepesi. Kisha ananyamaza, na hapo kwenye kunyamaza ndipo wengi waliposhindwa, wakaanza kueleza mambo ya damu na vipimo kwa mtu asiyesikia tena. Mgonjwa akishalia vya kutosha, hufuta uso, humpa mwanafunzi mkono na kusema, "Nimetoka." Maana yake mchezo umekwisha, marehemu hajafa, tuongee kama watu. Ndipo humwambia moja alilofanya vizuri na moja la kurekebisha. Mhadhiri alilisisitiza sana hilo la kutoka. Alisema asiyetoka hubaki ndani.

Mazoea yana taabu, na yake yalimjia taratibu. Alianza kugundua kwamba jirani akimweleza msiba wa kweli, hasikii kitu ila pale mahali kooni panajiweka tayari. Akawa anameza. Hakuwa na huzuni, wala hakuwa na furaha kwamba hana huzuni. Alikuwa na ganzi, ile ya mguu uliokaliwa muda mrefu, unaujua ni wako kwa sababu tu unauona.

Kisha mama yake akafa kweli. Mazishini alilia vizuri sana, mpaka kaka yake akamshika kiunoni asianguke, na wazee wakasema huyu ndiye mtoto. Mkewe peke yake alimtazama kwa jicho lile analotazamia pazia lililoning'inizwa upande. Alingoja mpaka wamerudi nyumbani, mumewe amekaa kitandani anavua viatu.

"Ulilia kile cha kazini," alimwambia.

Hakubisha. Alijitafuta ndani kilio kingine, kile alichokuwa nacho alipokuwa mtoto bila kujua jina lake, na hakukiona. Alimwambia mkewe hivyo. Mkewe akamsaidia kufungua kamba ya kiatu cha pili, wala hawakulirudia jambo hilo.

Lilirudi lenyewe pale mkewe alipoanza kukonda. Kwanza alipunguza sketi zake, akasema amechoka kuwa mnene. Akazipunguza tena. Chakula kikawa kinamkataa, ubavu wa kulia ukawa unamsumbua, macho yakaingia rangi ambayo si yake. Alifanya mzaha hapo mwanzoni, akimwambia mumewe kwamba Mgonjwa ni yeye, mbona anayekonda ni mwingine? Siku waliyopewa barua ya kwenda hospitali kubwa, ile iliyopakana na kitivo cha tiba, aliacha kumwita jina hilo. Akarudia Baba Watoto, kama siku za kwanza za ndoa, ingawa mtoto walikuwa naye mmoja tu, binti aliyeolewa mbali.

Walimpima damu, wakampiga picha za ndani, wakachukua kinyama kidogo kwa sindano ndefu. Wakaambiwa warudi wiki inayofuata. Jioni ya kuamkia siku ya majibu mkewe alikuwa akikunja kitambaa cha mteja, yeye ameshika ncha ya pili, kwa sababu mapazia marefu hayakunjwi na mtu mmoja.

"Kesho uingie wewe," mkewe alisema. "Mimi nitakaa nje."

Akamwambia kwamba mwili ni wake, majibu ni yake.

"Ni yangu, ndiyo. Na ninataka kuyasikia kwako, si kwa mtoto wa watu niliyemwona juzi." Akavuta kitambaa kikanyooka. "Lakini unisikilize vizuri, Baba Watoto. Usiniigizie. Ukinijia na ile sura yako ya kazini nitaijua, na hiyo sitakusamehe. Kama ninakufa, nataka nife mbele ya mtu ninayemjua."

Akasema amesikia. Wakakutanisha ncha za kitambaa, na mkewe akaupokea mkunjo kutoka mikononi mwake. Aliposema amesikia alikuwa anasema kweli. Alichokuwa hakijui ni kama huyo mtu bado yupo.

Kinyozi hajinyoi, wanasema, na kesho yake kinyozi aliketi kwenye kiti. Daktari aliyeingia alikuwa kijana aliyemfahamu. Alipokuwa mwanafunzi alimpa Mgonjwa habari ya kifo cha kaka yake akiwa amesimama na mkono mmoja umeshika kitasa cha mlango, na Mgonjwa alimwambia, baada ya kutoka, kwamba habari haitupwi kama maji machafu. Sasa kijana aliusukuma mlango polepole, akaufunga, akavuta kiti, akaketi.

Mgonjwa alijua hapohapo. Mwenye habari njema haketi, huisema mlangoni na kwenda zake. Lakini kujua kulipita juu juu, na macho yake yakawa yanatazama namna kijana alivyokiweka kiti, si karibu mno wala mbali. Moyoni akasema, amejifunza.

Kijana alimuuliza mpaka sasa anajua nini kuhusu ugonjwa wa mama. Akajibu anachokijua. Kijana akasema ana habari ambayo si nzuri, akamwacha apumue. Kisha akasema ni saratani, imeanzia kwenye ini na imesambaa, hawawezi kuiondoa, wanaweza kupunguza maumivu na watayapunguza. Alisema maneno hayo tu. Akanyamaza. Feni ilikuwa inazunguka juu, ina kipande cha karatasi kilichonasa kwenye panga lake moja, kikawa kinapiga tak tak.

Pale kooni pakajibana penyewe, hakupaagiza. Machozi yakaja kwa wakati wake, mengi ya kutosha, yakakaa muda wake, yakapungua. Mgonjwa akatoa kitambaa mfukoni, akafuta uso. Kisha akanyoosha mkono.

"Nimetoka," alisema. "Umeketi vizuri, na umenyamaza vizuri sana. Ila uliposema imesambaa ulitazama chini. Hapo umtazame mtu."

Kijana aliupokea mkono ule. Hakucheka, wala hakuuachia.

"Mzee," alisema kwa sauti ya chini, "leo hakuna kutoka."

Mgonjwa aliuangalia mkono wake ndani ya mkono wa mwenzake kama kitu alichokiokota. Alitaka kuomba radhi lakini hakujua anamwomba nani. Mkuki kwa nguruwe, na kwa binadamu uchungu uko wapi? Alikuwa anaungoja, na haukuja. Kijana akamuuliza kama anataka aongozane naye nje kwa mama. Akakataa, akasema ameahidi.

Nje mkewe alikuwa amekaa kwenye benchi. Lilikuwa lile lile la vijana wa ubunifu, limeshanunuliwa na hospitali na kupakwa rangi ya kijani. Alimtazama mumewe akija kwenye korido ndefu, akamtazama usoni, na kabla hajafika akajua sehemu kubwa ya habari.

"Umelia," alisema.

"Ndiyo."

"Kipi?"

"Cha kazini."

Mkewe akatikisa kichwa taratibu, si kwa hasira. Akasema basi wasizungumzie pale, wakazungumzie kwao. Wakatembea hadi nyumbani kwa sababu alitaka kutembea, wakasimama kila penye kivuli, na njiani mkewe aliongea juu ya mteja anayetaka mapazia ya zambarau na hana hata haya.

Walipofika, mumewe alimweka kitandani, akaleta kigoda, akakiweka si karibu mno wala mbali, akaketi. Akamtazama machoni.

"Mpaka sasa," alianza, "unajua nini kuhusu..."

"Inuka," mkewe alimwambia.

Akanyamaza.

"Inuka kwenye hicho kigoda. Mimi si mwanafunzi wako, wala wewe si daktari."

Akainuka. Akabaki amesimama katikati ya chumba, mikono haijui pa kwenda, nyuma yake cherehani, mbele yake mwanamke aliyeishi naye tangu wote wana meno yote. Utaratibu wote ukamtoka. Akasema, haraka, kwa sauti ileile aliyotumia zamani kuripoti kwamba rangi nyeupe imeisha stoo: "Ni saratani ya ini. Imeenea. Hawawezi."

Hakuna mwanafunzi ambaye angefaulu kwa kusema hivyo. Yeye mwenyewe angemrudisha arudie mpaka jioni. Mkewe aliyapokea maneno yale akiwa ameshika ukingo wa godoro, akakaa nayo. Kisha akauliza, "Na wewe unasikia nini?"

"Sisikii kitu," alisema, na kwa kuwa ilikuwa kweli, ilimtisha kuliko habari yenyewe. "Natafuta, mama. Hakuna kitu."

Mkewe aliuachia ukingo wa godoro.

"Sawa," alisema. "Sasa wewe ndiye uliyeingia, si yule wa kazini."

Ndipo mkewe akalia, kilio chake mwenyewe, kibaya, cha makamasi, cha kupiga godoro kwa kiganja. Mumewe alikaa karibu naye akamshika bega. Pale kooni pakajiweka tayari kumsindikiza, kwa kuwa panajua kazi yake. Akameza. Ilikuwa mara ya kwanza kuyakataa machozi yale kwa makusudi.

Alikwenda chuoni kuomba likizo. Mhadhiri alimsikiliza mpaka mwisho bila kugusa miwani, kisha akasema kwamba hili la watu wanaolia kwa kazi, na linawafanya nini, hajui mtu aliyelichunguza, na lingefaa sana... Hapo akajisikia, akafunga mdomo, akaomba radhi. Mgonjwa akasema hakuna neno. Hakuna neno lilikuwa jibu lake kwa mambo mengi siku zile.

Vijana wa benchi walisikia, wakaja nyumbani na egemeo la mbao walilolichonga ili mama aweze kukaa kitandani. Wakamwegemeza, wakamuuliza panapouma. Akawaambia waranda mbao hawatapafikia, lakini egemeo ni zuri. Wakacheka kwa aibu. Walipoondoka aliliegemea mpaka mwisho, akawa anashona kwa mkono pindo za mapazia ya zambarau, huku akimlaani mteja.

Ikawa siku zinafanana. Mumewe alimwogesha, alimgeuza, alimpa dawa ya maumivu kwa saa zake, alifua mashuka, akaanika, akaanua. Alifanya yote kwa mikono mizuri isiyo na haraka, na uso wake ulikuwa kama ukuta uliotoka kupigwa lipu. Binti yao akaja kusaidia. Alikuwa akilia jikoni, akilia uani, akirudi ndani anamkuta baba yake amekaa na bakuli la uji anapuliza, macho makavu. Hakumsemesha, ila aliweka vyombo kwa kishindo. Alikuwa anajua baba yake kazini huliaje. Alimshuhudia siku moja, alipokuwa msichana, akaambiwa apige makofi.

Mchana mmoja binti yuko dukani, mkewe alimwita mumewe asogee. Sauti yake ilikuwa imebaki kidogo.

"Siku hiyo watakutazama wewe," alisema. "Kilio huanza mfiwa."

"Najua."

"Na utaweza kuwapa."

"Nitaweza. Hata sasa naweza."

"Usiwape." Akapumzika. "Kikikujia cha kweli, lia, mimi nakipenda. Kisipokuja, simama hivyohivyo ulivyo. Watasema. Waache waseme. Mimi nimeishi na wewe, sikuishi na yule wa kwenye kamera, asije akanizika yeye."

Akamwahidi. Mkewe akamwambia asiahidi kwa uso wa huzuni, mumewe akamwambia hana uso wa huzuni, na mkewe akatabasamu, akasema ni kweli, huna, Mungu akubariki.

Alikufa asubuhi, mumewe akiwa anakamua kitambaa cha kumpangusia. Aligeuka, akaona, akalisogeza beseni ili mtu asilikwae. Alisimama hapo akisubiri. Kisha akaenda uani akamwambia binti kwamba mama ameondoka. Binti akaangusha ndoo, akamrukia shingoni, naye akamshika sawasawa, kwa nguvu, na juu ya bega la mtoto wake akawa anatazama maji yanavyotafuta njia kwenda kwenye mfereji.

Mazishini watu walijaa. Wateja wa mapazia walikuja, majirani, ndugu wa pande zote. Mhadhiri alikuja, na yule daktari kijana, na mabinti wa mbu, na vijana wa benchi ambao kwa mara ya kwanza walisimama pamoja na watu wa milango mingine na kuulizana ninyi ni wa idara gani. Jeneza lilipoanza kushuka kukawa kimya, na katika kimya kile nyuso zote zikamgeukia yeye. Wengi pale walijua anachoweza. Walikuwa wameshikilia vilio vyao, wanangoja mwenye msiba afungue.

Kooni pakajibana. Hapajawahi kujibana vile. Alisikia machozi yamepanda yamefika mlangoni, mazuri, tele, ya kuwaliza hata wachimba kaburi, na alijua kabisa namna mabega yatakavyotikisika, namna kaka yake atakavyokuja kumshika kiuno, na namna wazee watakavyosema. Kilikuwa kitu chepesi kuliko kupiga chafya. Akameza. Yakapanda tena, akameza tena. Chini yake akatafuta kile kingine, akatafuta kwa uaminifu wote aliokuwa nao, akakuta palepale pakavu. Akasimama hivyohivyo alivyo. Udongo ukaanza kuingia.

Shangazi wa marehemu, mwanamke ambaye hakuzoea kunong'ona, alimwambia mwenzake: "Kazini analilia wake wa uongo. Wa kweli kamnyima hata chozi."

Waliokuwa karibu walisikia. Yeye alisikia. Binti yake, aliyekuwa amemshika mkono, alisikia pia, na mkono ule akauachia, akaenda kusimama upande wa pili wa kaburi na shangazi zake.

Watu walipotawanyika na nyumba kubaki na viti vya kuazima, binti alikuwa jikoni anaosha vikombe. Hakugeuka baba yake alipoingia. Alisema maneno yake akilitazama karai la maji.

"Baba, wote walikuwa wanakutazama. Umeshindwa hata leo?"

"Sikushindwa, mwanangu."

"Nimekuona kwa macho yangu."

"Ningeweza kulia mpaka kila mtu pale akalia," alisema. "Mama yako alijua. Ndiyo maana akaniomba nisilie kile. Na kingine sina."

Binti akageuka, povu linamdondoka mikononi. Akamtazama usoni, akatafuta pale alipozoea kuona kitu tangu utotoni, sura moja au nyingine ya kumpa mtu anachotaka. Haikuwepo. Palikuwa na uso wa mzee aliyechoka, mkavu, usio na chochote juu yake, ambao hajawahi kuuona. Akaanza kulia upya. Baba yake alibaki amesimama mbele yake hivyohivyo, hakuongeza kitu.